Unga Chini ya Boriti

Vijana wa karakana, siku ile mliyoniaga mlinipa blanketi zuri, mkanipigia makofi, mkaniomba niseme maneno mawili. Nilisema asanteni, nikaketi. Si kwamba sikuwa na la kusema. Nililokuwa nalo halikufaa kusemwa mbele ya chai na maandazi. Sasa nimekaa hapa Kaloleni chumbani kwangu, mikono haina kazi, nikaona afadhali niliandike. Nani alinipandisha cheo na lini, hayo waachieni wenye ofisi. Mimi nitawaandikia habari za bungua, yule mdudu mla mbao, na za ghala moja la kahawa kule Meru enzi za Mjerumani.

Mlikuwa mkinicheka, najua. Mbao zikishushwa, nyinyi mnaangalia kama zimenyooka, mimi napiga magoti nanusa. Mmoja wenu alisema, "Mzee anaswali." Mimi ni Mlutheri, kwa hiyo mzaha ulikuwa mzuri, nami nilicheka. Lakini nilikuwa naogopa. Katika miaka yangu yote ya useremala sikuwahi kuingia chini ya dari, hata niliyoijenga mwenyewe, bila kuinua macho kwanza.

Nilizaliwa migombani, juu ya Makumira. Walowezi walipoanza kupanda kahawa kule chini, kila ukoo ulitakiwa kutoa watu wa kuwafanyia kazi. Baba alinichagua mimi, ingawa nilikuwa nimeoa juzi tu. "Ukiitwa, itika," aliniambia. "Ukiulizwa, sema ndiyo. Ukipigwa, usimtazame usoni." Hayo ndiyo yote niliyofundishwa kuhusu kazi kabla sijaianza, na kwa muda mrefu sikuhitaji zaidi.

Mwenye shamba tulimwita Bwana Kengele. Jina lake la kwao lilianza kwa mlio wa mtu anayesafisha koo, likaendelea hivyo hivyo mpaka mwisho. Kengele yake ilining'inia kwenye nguzo mbele ya nyumba, na ilikuwa na mlio wa kuamka, wa kuanza, wa kula na wa kuacha. Kwenye nguzo hiyo hiyo ndipo watu walipofungwa wakapigwa viboko. Asubuhi yangu ya kwanza niliikuta kazi hiyo ikiendelea. Aliyekuwa akipigwa alikuwa mtu mzima, rika la baba yangu mdogo. Aliyekuwa akipiga alikuwa nyapara, Songoro, mtu wa Unyamwezi, mrefu, mwenye mkono mzito kama mchi. Kosa la yule mzee, niliambiwa baadaye, lilikuwa kusahau kufunga zizi. Nilisimama kwenye mstari nikayabana meno yangu yasigongane.

Songoro alipomaliza alipangusa jasho, akapita mbele yetu akigawa watu kama anayegawa majembe. Aliponifikia alinibinya mabega. "Huyu kwa seremala," akasema.

Seremala alikuwa Fundi Mbaruku, mtu wa Pangani, mwembamba, kanzu ameikunja kiunoni, penseli nyuma ya sikio. Alikuja bara kuwajengea Wajerumani, akabaki, na kila siku aliilalamikia baridi ya Meru kana kwamba ilikuwa imeingia jana.

"Shikamoo," nilimwambia. Lilikuwa moja ya maneno machache ya Kiswahili niliyoyaamini mdomoni mwangu.

"Marahaba. Jina lako?"

"Anaeli."

"Kiswahili unajua?"

"Kidogo."

"Basi shika ufagio. Ufagio hauna lugha."

Nilifagia mpaka nikaanza kudhani nimesahauliwa. Kumbe nilikuwa nafundishwa. Kila mara fundi alichota vumbi nililofagia, akaniwekea kiganjani na kuuliza, "Hili la nini?" Vumbi la msumeno lina punje, linakwaruza. La randa linajikunja. La tezo ni vipande. Siku moja akanipa jingine, laini kuliko unga wa muhogo, rangi ya maziwa yaliyokaa. Nililisugua kati ya vidole likapotea. "Na hili?" Sikujua. Alichukua kipande cha mti wa mfuruanje kilichokuwa kimeegemezwa ukutani tangu mwaka uliopita, kizima kabisa kwa macho, akakigonga kwa tezo. Ndani hamkuwa na mti. Mlikuwa na unga ulioshikwa na ganda jembamba kama la yai, na ndani ya unga mlikuwa na funza weupe waliojikunja, wadogo kuliko punje ya mchele.

"Huyu ndiye wa kumwogopa," alisema. Kisha akageuka kuangalia kama kuna mtu aliyesikia, kwa sababu shambani pale ilikuwa hatari kusema hivyo juu ya yeyote asiyekuwa Bwana Kengele.

Niwaeleze bungua kama nilivyoelezwa, maana siku hizi mnapuliza dawa na kusahau. Yuko wa magome, mkubwa, mwenye pembe ndefu kichwani. Jike lake hutaga kwenye ufa wa gome la mti uliokatwa karibuni. Funza wake hula kwanza chini ya gome, kisha huingia ndani, na meno yake yanasikika: ukiweka sikio kwenye gogo utamsikia, kra, kra, kra, kama mtu anayekwangua sufuria chumba cha pili. Menya magome mapema na habari yake imekwisha.

Yule wa unga ni mwingine. Mdudu mzima ni mwembamba, wa hudhurungi, hafiki punje ya mpunga. Yeye huja mti ukishakauka, hata ukishapasuliwa na kupigwa randa. Jike huonja kwanza. Fundi Mbaruku alinionyesha mikwaruzo ya meno yake kwenye mbao. Anatafuta utamu. Mti wenyewe si chakula chake hasa. Anakula akiba ambayo mti ulijiwekea ulipokuwa hai, wanga kama ule wa ndizi na muhogo, na akiba hiyo hukaa kwenye sehemu nyeupe iliyo chini ya gome. Kiini cheusi hakigusi. Mwerezi haugusi. Akiridhika, huingiza mrija wake wa kutagia kwenye vinyweleo vya mti, hutaga ndani kabisa, kisha hufa. Funza huanguliwa akiwa amezungukwa na chakula pande zote. Hula akifuata urefu wa mti na kuujaza unga nyuma yake, miezi na miezi, na hakuna sikio la mtu linalomsikia. Akishiba husogea karibu na uso wa mbao, hujichimbia kijichumba, hulala kama maiti, hugeuka mdudu. Ndipo hutoboa tundu dogo kama kichwa cha pini akatoka. Hilo tundu ndilo la kwanza wewe kuliona. Kwake ni la mwisho. Na watoto hawaendi mbali: hurudi kutaga kwenye mbao ile ile mpaka kisibaki cha kula.

Dawa ya siku zile ilikuwa maji na subira. Gogo likizamishwa bwawani msimu mzima, utamu hutoka, maji yananuka kama pombe iliyoharibika, na bungua akija kuonja anakwenda zake. Maji ya Meru yalikuwa tele. Subira Bwana Kengele hakuwa nayo.

Kahawa yake ilikuwa imeanza kuzaa vizuri, naye alitaka ghala la orofa, juu magunia, chini meza ndefu za wanawake wa kuchagua kahawa. Alileta magogo ya mringaringa machache, na ya mfuruanje mengi, miti michanga iliyokatwa haraka. Fundi Mbaruku aliizunguka miti ile akiigusa gusa, kisha akavua kofia.

"Bwana, hii ni michanga, karibu yote nyeupe. Tuizamishe kwanza. Masika yakipita tutajenga."

"Na kahawa nayo itasubiri masika?" Bwana Kengele alisema Kiswahili safi kuliko changu cha wakati ule.

"Au tupate mwerezi, bwana, kwa boriti za kati."

"Mwerezi ni wa baraza la nyumba yangu. Jenga."

Fundi alitazama upande wa nguzo ya kengele. Sote tulikuwa na tabia hiyo, kutazama kule kabla ya kujibu. "Ndiyo, bwana," akasema. Tukajenga. Mringaringa tuliuweka pembeni, mfuruanje katikati, kisha tukaamriwa kupaka chokaa kila kitu. Likapendeza sana. Wageni walikuja na farasi kulitazama.

Mavuno ya kwanza hayakuwa na neno, wala ya pili. Ilikuwa katika mavuno ya tatu dada yangu Raheli aliponiita. Raheli alikuwa mkubwa kwangu, mjane, na wachaguaji wenzake walimfuata katika kila jambo kwa sababu alijua kuwaanzishia nyimbo na hakuwa na haraka ya kuogopa.

"Anaeli, huko juu mmeweka kahawa au mahindi ya kusaga?" aliniuliza akicheka. "Tunadondokewa na unga. Tukipangusa meza asubuhi, kengele ya kula ikilia tunaukuta tena."

Niliingia naye. Wanawake walikuwa wakiimba, nyungo zikicheza mikononi mwao. Niliinua macho. Chokaa nyeupe ya boriti za kati ilikuwa na vidoa kama pilipili manga iliyonyunyizwa. Nilipanda juu ya benchi nikagonga kwa kifundo cha kidole. Sauti ilikuwa ya kitu kilicholowa, na matundu yote yakamwaga unga kwa pamoja, kama chungio lililotikiswa. Juu yangu kulikuwa na magunia yaliyopangwa mpaka karibu na paa. Nilishuka polepole, kana kwamba uzito wa mguu wangu kwenye benchi ungeweza kuvuta kitu kutoka juu.

Fundi Mbaruku alikuja na msumari mrefu. Hakuupiga nyundo. Aliusukuma kwa dole gumba tu, nao ukazama kwenye boriti mpaka kichwa.

"Kwa nini haijaanguka?" nilimnong'oneza.

"Sijui."

"Kwa nini isianguke leo?"

"Sijui, Anaeli."

Nilikuwa sijapata kumsikia akisema hajui juu ya mti.

Alikwenda mwenyewe kumwambia Bwana Kengele, nami nikamfuata kwa nyuma. Bwana alikuja. Alipanda kwenye benchi, akatoa kisu chake kidogo, akakichoma kwenye boriti ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alishuka akakaa juu ya gunia, mkono wote mweupe.

"Magari ya ng'ombe yatafika lini?" alimuuliza Songoro.

"Wiki mbili, bwana, labda tatu. Mito ikipungua."

Mvua za vuli zilikuwa zimeanza. Kahawa ilikuwa iende Moshi kwenye reli, na magari yalikuwa yamekwama njiani. Ikitolewa nje itaharibika. Bwana Kengele alitazama mvua kupitia mlangoni.

"Kahawa itabaki juu," akasema. "Magari yakija itashuka, kisha mtatengeneza."

"Na wanawake, bwana?" aliuliza fundi.

"Wanawake watachagua. Wasipochagua, magari yatabeba nini?"

"Basi tuweke nguzo za kushikilia. Mwerezi wa baraza bado haujatumika, unafaa."

"Mwerezi umeshakatwa kwa vipimo vya baraza. Atakayeugusa atafungwa pale nje, kisha atapelekwa bomani kwa minyororo. Na atakayewatisha wanawake, vivyo hivyo."

Nimeifikiria siku hiyo mara nyingi. Kama asingetuamini ningesema ni mjinga, na mjinga huna budi kumvumilia. Lakini alituamini. Alikuwa ameviona kwa macho yake vyote tulivyoviona sisi. Alipima tu, na vichwa vya wale wanawake vikawa upande mwepesi wa mizani. Ndiyo maana nilimwogopa kuanzia siku hiyo kuliko nilivyokiogopa kiboko chake.

Nilimwambia Raheli jioni ile njiani, kwa Kimeru, sauti ya chini. "Kaa karibu na mlango."

"Nikae mlangoni niwatazame wenzangu?"

"Basi msije kazini."

"Asiyekuja wanamfuata nyumbani, wanachukua mbuzi wa baba yake. Unajua." Aliruka dimbwi njiani. "Nitawaambia wenyewe waamue pa kukaa."

Kesho yake waliingia kama kawaida, wakakaa mahali pao pa kawaida, kwa sababu hapakuwa na pengine. Ila hawakuimba. Nilipita nje ya dirisha nikasikia kahawa ikimwagika kwenye nyungo na basi. Walikuwa wanasikiliza. Walisikiliza siku hiyo nzima, na iliyofuata, na iliyofuata tena. Mtu akikohoa, vichwa vyote viliinuka. Mimi karakanani sikuweza kuchonga kitu kilichonyooka. Kila gogo lililoangushwa nje lilinifanya nikimbie mlangoni.

Jumapili Bwana Kengele alipanda farasi kwenda kwa mlowezi mwenzake upande wa Nduruma. Fundi Mbaruku alinikuta tayari nimesimama kando ya mbao za mwerezi. Hatukuwa tumepanga. Tulitazamana tu, kisha tukainua ya kwanza.

Tulipokuwa tunavuka uwanja Songoro alitokea kwenye kona ya zizi. Tukasimama, mti begani. Alituangalia, akauangalia mwerezi, akaangalia ghala. Kisha akatugeuzia mgongo, akaenda kukagua ng'ombe ambao alikuwa ametoka kuwakagua.

Kazi ile sijapata kufanya nyingine kama hiyo. Kuweka nguzo chini ya boriti nzima ni jambo la kawaida: unasimamisha, unapiga kabari chini, nguzo inabana. Lakini boriti iliyokwisha kuliwa huwezi kuigonga. Tuliifunika nyundo kwa maganda makavu ya mgomba ili pigo liwe laini, na bado kila pigo lilitumwagia unga machoni na mdomoni. Una ladha tamu kidogo. Raheli alikuwa amekuja bila kuitwa. Alipiga magoti akashika kila nguzo isiteleze wakati fundi anapiga kabari, na mimi nikiwa juu ya benchi nikisikiliza. Mara moja sakafu ya juu ilinguruma, magunia yakahama kidogo. Fundi aliifunga midomo yake, akaendelea, taratibu, tap, tap, kama anayebisha hodi kwa mgonjwa.

Tulizisimamisha zote zilizokuwepo. Hazikutosha dari nzima, lakini zilitosha katikati. Raheli alijipangusa uso. "Kesho nitaweza kuimba," akasema.

Jumatatu kengele ilipigwa, wanawake wakaingia. Haikuchukua muda Bwana Kengele kuona mwerezi wake haupo. Alikuja ghalani na kiboko mkononi, Songoro nyuma yake. Alizitazama nguzo, akatutazama.

"Nani?"

"Mimi, bwana," alisema Fundi Mbaruku. "Huyu nilimwamuru tu."

"Zitoe."

"Nitazitoa, bwana. Wanawake watoke kwanza."

Bwana Kengele hakujibu. Nadhani hakujua ajibu nini bila kukiri kwamba anaelewa. Hapo Raheli alisimama. Aliweka ungo wake juu ya meza, akatembea kwenda mlangoni. Hakukimbia. Wengine wakasimama, mmoja mmoja, wakamfuata. Songoro alikuwa mlangoni na kazi yake ilikuwa kuwazuia. Alijisogeza pembeni, wakapita.

Uso wa Bwana Kengele ulikuwa mwekundu. "Songoro! Wewe zitoe."

Songoro aliichukua nyundo. Alipompita fundi alipunguza sauti. "Fundi, itashika?"

"Haitashika."

Nilimwona akigeuka kumtazama Bwana Kengele, kisha kutazama nje kwenye ile nguzo. Alikuwa amewapiga watu wengi mno pale hata asiweze kufikiria kufungwa pale mwenyewe. Alipiga kabari. Nguzo ya kwanza ikainama, ikaanguka. Unga ulimwagika. Hakuna kingine. Alipiga ya pili. Ikaanguka.

"Mnaona?" alisema Bwana Kengele. Lakini miguu yake haikuvuka kizingiti.

Mti mzuri ukivunjika hulia; unapasuka kwa kishindo, unakupa nafasi ya kuruka. Ule haukulia. Haukuwa tena na nguvu hata ya kelele. Ulishuka kama mkate uliolowa, na mbao za sakafu, na magunia, na kahawa ikifuata nyuma yake kama maji. Nilichokiona ni weupe mtupu, kisha mkono wa Songoro.

Fundi Mbaruku aliingia kabla sijafikiri. Nami nikaingia. Nusu ya dari ilikuwa bado inaning'inia kwenye nguzo zilizobaki, na nguzo iliyokuwa karibu nami ilianza kuteleza, nikaitia bega. Uzito wake ulinisukuma mpaka viatu vya ngozi nilivyojishonea vikapasuka. "Shika, Anaeli! Shika!" fundi alipiga kelele, akichimba kahawa kwa mikono, nayo ikirudi kila alipoitoa. Songoro alikuwa amezikwa mpaka kifuani, mguu uko chini ya boriti, midomo imejaa unga, hata kulia hawezi. Kisha nikasikia miguu peku. Raheli na wanawake wawili walikuwa wamerudi na nyungo zao, wanachota kahawa na kuitupa, wanachota na kuitupa. Walimfikia miguu. Wakavuta wote pamoja. Walipompitisha mlangoni fundi aliniita, nikaiacha nguzo na kuruka, na yote iliyobaki ikashuka nyuma yangu. Upepo wake ulinisukuma kifudifudi kwenye tope.

Bwana Kengele alikuwa amesimama pale pale, mweupe kwa unga tangu kichwani mpaka viatuni.

Alituma habari bomani kwamba fundi ameiba mwerezi na kuharibu jengo. Afisa alikuja na askari. Songoro alikuwa amelazwa kwenye mkeka, mguu umefungwa vijiti ambavyo Fundi Mbaruku alivichonga mwenyewe. Sisi tulisimama mstarini. Afisa alimuuliza Songoro mbele ya watu, "Nguzo nani alizitoa?"

"Mimi, bwana."

"Kwa nini?"

"Kwa amri."

"Ya nani?"

Nilidhani atanyamaza. Angenyamaza nisingemlaumu. Alimnyooshea Bwana Kengele kidole, na hakukishusha.

Wazungu wawili walizungumza lugha yao kwa muda mrefu. Habari ya kuharibu jengo haikutajwa tena. Ya mwerezi ilibaki. Fundi Mbaruku alipigwa hamsa ishirini, viboko ishirini na tano, pale chini ya kengele, na askari, maana nyapara hakuweza kusimama. Akaamriwa aondoke shambani arudi kwao. Asubuhi alipoondoka hakuweza kuvaa kanzu kwa sababu ya mgongo, aliibeba mkononi. Nilimsindikiza mpaka barabarani.

"Baridi yenu hii," alisema, "leo angalau inafaa." Akaenda. Vita vilikuja baadaye, watu walitawanyika, na sikusikia tena habari zake.

Ghala jipya nilijenga mimi. Bwana Kengele hakuniambia neno kuhusu muda. Nilikata mwerezi juu mlimani, mringaringa niliuzamisha msimu mzima, naye alipita kila siku akaangalia bwawa na kwenda zake. Songoro alirudi kutembea kwa gongo, akapewa kazi ya kulinda zizi. Kiboko alishika mtu mwingine.

Siku ya kufungua, magunia yalipandishwa juu, kengele ikapigwa. Wanawake walikuja wakasimama nje. Hawakuingia. Bwana Kengele alipaza sauti mara moja, kisha akanyamaza, kwa sababu hawakuwa wanamtazama yeye. Walikuwa wananitazama mimi.

Raheli alisogea mpaka mbele yangu.

"Umelijenga wewe?"

"Mimi."

"Na fundi hayupo."

"Hayupo."

Aliinua macho kwenye boriti, moja baada ya nyingine. "Itashika?"

Nilikuwa nimezigonga zote. Nilikuwa nimezinusa, nimezichoma kwa msumari, nimetafuta weupe kila kona. Na bado niliposimama pale niliona kwamba hakuna mtu anayejua kilichomo ndani ya mti, anajua tu alichokifanya yeye.

"Itashika," nilisema.

Alijitwika ungo wake, akaingia. Wengine wakamfuata, wakakaa kwenye meza, na baada ya muda mmoja wao akaanza wimbo. Mimi nilikuwa nyuma ya ghala nimeushika ukuta kwa mikono miwili, natapika.